Kamba si Mila Yetu

Kila tunapozungumza hapa Lusenda juu ya wagonjwa wa akili na watu walioshikwa na lutuku, hakosi mmoja wa kusema: "Ni bulozi tu, mila yetu inajua kumutengeneza." Kisha mgonjwa anafungwa kamba, ananyimwa chakula, anaombewa. Sisi tunakataa. Hiyo si mila, na si dawa.

Tuanze na mila. Wazee wetu Wabembe walikuwa na lubunga, nyumba ya wanaume, ambako wakubwa na vijana walikula pamoja, wakaota moto, wakakata maneno. Lubunga ilikuwa mahali pa kusemezana, si mahali pa kufungia mtu. Anayemfunga ndugu yake kwenye mti nyuma ya nyumba, asiwasingizie wazee.

Sasa dawa. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku kwa miaka mingi, ukimkatia ghafula, mwili unagoma. Kwanza anatetemeka na kutoka jasho. Siku ya kwanza ao ya pili anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya tatu pengine anaona wadudu na watu wasiokuwapo. Hapo watu wanapiga makofi ati pepo linatoka! Kumbe ni roho yake inayotaka kutoka. Ugonjwa huo waganga wa hospitali wanaujua, na dawa zake ni za kawaida: diazepamu kwa kipimo, vitamini B1, maji, chakula, na mtu wa kumchunga usiku na mchana kwa siku chache.

Wengine watasema: "Basi apelekwe Bukavu, kwa SOSAME." Kituo hicho cha Wafurere wa Charité tunakiheshimu. Lakini ni zaidi ya kilometa 150, na Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, sote tuliona hatari ya kutegemea mji mmoja. Tena, akilala kule mwezi mzima kisha akarudi kwenye kilabu kilekile, bila dawa na bila wa kumuangalia, tumefanya nini?

Na hawa wagonjwa si wachache. Vita ya 1996, ile ya 1998, mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka huo, wakimbizi wa Burundi waliopokelewa katika kambi yetu tangu 2015: watu wamebeba mengi, na wengine wanayazamisha katika chupa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kufundisha waganga wa vituo vya kawaida kutibu magonjwa ya akili, kifafa na ulevi. Ndiyo tunayodai: katika kila kituo cha afya, kuanzia hapa mpaka Nundu, awepo muganga mmoja aliyefundishwa, dawa zisikatike, na iwekwe siku moja kila juma ya kuwapokea hao.

Makanisa yaendelee kuomba, hatuwazuii. Lakini mgonjwa aombewe akiwa amefunguliwa, ameshiba, amekunywa dawa yake. Na jamaa wamrudishe kwenye moto, kati ya wenzake, wamsemeshe kama mtu.