Ufundi Wetu: Weka Mwanga Usoni

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kuziba pancha ya baiskeli. Mwezi huu tuzungumze juu ya kamera.

Kijana mmoja wa Mkata ametuletea swali. Amenunua kamera ya mtumba, ya aina hizi za siku hizi zisizotumia filamu. Anapiga picha za harusi, za ngoma na za mahafali ya darasa la saba. Taabu yake ni hii. Shamba linaonekana. Nyumba inaonekana. Shela la bibi harusi linang'aa. Lakini nyuso za watu zinatoka nyeusi kama chungu, na wateja wanakataa kulipa. Anauliza kama kamera yake ni mbovu.

Hapana ndugu, kamera yako ni nzima. Wala usiidharau kwa kuwa ni ya mtumba. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na akakulia Dar es Salaam. Alianza na kamera kuukuu ya sanduku. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, nchini Ethiopia, zilionekana duniani kote, na watu wengi wakatoa msaada. Kosa lako ni moja tu: umeiachia kamera iamue yenyewe. Kamera haimjui bibi harusi ni nani.

Nami nilifanya kosa hilo hilo. Nilipokuwa najifunza, nilimpiga picha bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa saa 6 mchana. Nilimkalisha barazani, kivulini, na nyuma yake kulikuwa na shamba la mahindi lililokuwa likiwaka jua. Picha ilipotoka, mahindi ungeweza kuyahesabu, lakini bibi hakuwa na macho wala mdomo. Nikasema haidhuru, nitapiga nyingine msimu ujao. Bibi akafariki kabla ya mavuno. Siku ya msiba watu walitafuta picha ya kuweka mezani. Ilikuwapo hiyo moja tu. Mjomba aliishika, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, halafu akaniuliza, "Mjomba, mama yuko wapi hapa?"

Sikuwa na la kumjibu.

Basi sikiliza kamera inavyofanya kazi. Inapopima mwanga yenyewe, mara nyingi huangalia picha nzima. Ikiona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, nayo inaupunguza. Shela jeupe, mawingu meupe, ukuta uliopakwa chokaa, vyote huidanganya. Mwanga ukipungua, uso mweusi ndio unaoumia kwanza.

Zamani taabu ilikuwa kubwa zaidi. Kwa miaka mingi wasafishaji wa picha za rangi walipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Filamu zenyewe zilitengenezwa ili ngozi nyeupe itoke vizuri. Watu waliofanya kazi katika kampuni ya Kodak walieleza baadaye kwamba malalamiko yaliyowafanya warekebishe filamu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao walitaka rangi za kahawia zionekane sawasawa. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu! Lakini hayo yamepita. Kamera uliyonayo inaweza kumwonyesha mtu mweusi vizuri kabisa, kama wewe utaiongoza.

Tazama juu ya kamera. Pana gurudumu dogo lenye herufi. Tafuta herufi M. Ukiiweka hapo, kamera haibadilishi tundu wala muda peke yake. Unabadilisha wewe, kwa mkono. Sasa una mambo matatu ya kushika.

La kwanza ni tundu la kupitishia mwanga. Namba zake ni 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa. Fikiria mkate. Ukiugawa vipande 4, kila kipande ni kikubwa. Ukiugawa vipande 16, kila kipande ni kidogo. Namba za tundu zinakwenda hivyo. Ukitoka 16 kwenda 11, mwanga unaoingia unakuwa mara 2. Kila hatua unazidi mara 2 tena. Ukifika 4, mwanga umekuwa mara 16.

La pili ni muda ambao tundu linakaa wazi. Namba 125 maana yake ni sekunde moja iliyogawanywa mara 125. Ni kufumba na kufumbua. Namba 60 ni muda mrefu zaidi, na 500 ni mfupi zaidi. Sisi wa Handeni tunaijua foleni ya maji. Koki ikifunguliwa yote, ndoo inajaa upesi. Ikifunguliwa kidogo, utasubiri. Tundu ni koki, na muda ni kusubiri. Ndoo ikijaa pasipo kufurika, picha ni nzuri.

La tatu ni namba inayoandikwa ISO. Hiyo inaonyesha kamera inavyonasa mwanga kwa wepesi. Nje juani weka 100. Ndani ya nyumba utapanda hadi 800 au 1600. Ukipanda mno, picha inajaa chengachenga.

Iko kanuni ya tangu siku za filamu, na mpaka leo inafaa. Jua likiwa kali, bila mawingu, weka ISO 100, tundu 16, muda 125. Simama pale njia panda ya kwenda Handeni saa 7 mchana ujaribu. Utaona picha imetoka. Kisha ingia chini ya mwembe na namba zile zile. Picha itakuwa giza. Fungua tundu mpaka 5.6 au 4, uso utarudi. Macho yako hayakukuambia kwamba kivulini mwanga umepungua kiasi hicho, kwa sababu macho huzoea upesi. Kamera haizoei.

Sasa turudi kwa bibi harusi. Msogelee, kwa adabu, mpaka uso wake ujaze kioo cha kamera. Geuza namba mpaka alama ya kipimo ikae katikati. Ikiwa ni mweusi sana, punguza mwanga hatua moja, asije akapauka. Kisha rudi nyuma mpaka umpate yeye, bwana harusi na wasimamizi wao. Usiguse namba tena! Kamera itapiga kelele kwamba mwanga si sawa, maana sasa inaliona shela na mbingu. Usiisikilize. Wewe ulikwisha upima uso. Shamba la nyuma litapauka kidogo. Acha lipauke, hakuna aliyekuja kulipiga picha shamba. Kama shela nalo linapauka sana, usizime nyuso kwa ajili yake. Wahamishe wote kivulini, kisha pima tena.

Juu ya muda, kumbuka mwendo. Basi la Arusha likipita Mkata nawe umeweka 60, utapata mstari wa rangi tu. Weka 500. Wacheza ngoma nao wanataka 250 au zaidi. Na mikono yetu hutikisika, hata ya kijana. Chini ya 60, egemea nguzo au weka kamera juu ya meza.

Juu ya tundu, kumbuka safu. Watoto wa darasa la saba wakipangwa safu tatu, tundu 2.8 litaonyesha safu moja vizuri na nyingine zitakuwa na ukungu. Weka 8. Mzazi wa mtoto wa nyuma naye analipa.

Nyumba nyingi za vijijini zina madirisha madogo. Usihangaike na giza la ndani. Mlete mtu karibu na mlango, uso uelekee mlangoni. Mwanga wa mlango ni laini, unaonyesha hata mikunjo ya mzee bila kumwaibisha. Nje, piga asubuhi kabla ya saa 3 au jioni baada ya saa 10. Saa 6 mchana jua linakaa utosini na kuyatia macho shimoni.

Kupanga picha hakuna siri kubwa. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho pembe zote nne. Je, nguzo ya umeme imeota kichwani mwa mtu? Sogea hatua moja kushoto. Je, umekata vidole vya miguu? Rudi nyuma. Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa, la sivyo atatoka kichwa kikubwa na miguu ya kuku. Vitabu vingi vinasema macho yakae kwenye theluthi ya juu ya picha. Ni shauri zuri. Vinasema pia usogee karibu. Lakini wateja wengi wa kwetu wanataka viatu vionekane, hasa kama ni vipya. Wana haki, wamevinunua. Piga ya viatu kwanza, kisha ya uso. Wataichukua ya viatu leo. Ya uso wataiulizia miaka ishirini baadaye.

Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Mwanawe Rohit Oza akaiendeleza. Leo picha zao zinatuonyesha watu na mitaa ya Unguja kama walivyokuwa. Wengi wa waliopigwa hawapo tena. Walikwenda kupiga picha ya Idi, basi.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi wala kituo cha polisi.

Nunua daftari dogo. Kwa kila picha andika saa, mahali, na namba tatu: tundu, muda, ISO. Jioni linganisha picha na daftari. Kamera hizi hazili filamu, kwa hiyo kukosea hakukugharimu kitu. Mwezi huu anza na wazee wa nyumbani kwako, mmoja kila jioni, uso uelekee mwanga. Halafu usiziache picha ndani ya kamera au simu. Kadi hufa na simu huibiwa. Utakapokwenda Korogwe au Handeni mjini, kasafishe hata mbili tu kwenye karatasi, umpe mzee mwenyewe moja.

Kijana wa Mkata, jaribu hayo kisha utuandikie. Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kutunza betri ya umeme wa jua wakati wa masika.