Mapito ya Usambara na Miguu ya Watumishi wa Umma

Imekuwa jambo la kawaida, mtu afikapo Lushoto, kuwaona wageni kutoka Ulaya na Marekani wakiwa na mashanta mgongoni, wakitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji mpaka Mtae, mwisho wa milima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inaonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Wengine huja na baiskeli. Hulipa fedha nyingi kwa starehe hiyo, na vijana wa Lushoto wanaowaongoza hupata riziki yao ya halali. Hilo ni jema. Lisilo la kawaida ni kumwona mwalimu wa Tanzania, au karani, au bwana shamba, akifanya safari kama hiyo kwa hiari yake. Akionekana anatembea, watu humpa pole na kuuliza kama gari limeharibika.

Pole hiyo ina historia. Katika enzi ya ukoloni aliyetembea alikuwa mpagazi, na aliyebebwa kwenye machela alikuwa bwana. Baadaye machela yakaondoka, likaja gari, lakini mpango wenyewe haukubadilika. Msomi wa Kiafrika aliyerithi ofisi ya bwana alirithi pia chuki yake ya kutembea. Ni kasumba, na haikuisha uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Tena ni kasumba ya ajabu katika nchi ambayo kiongozi wake mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Rais huyo hakukosa gari.

Ni vema kueleza kile anachokikosa mtu anayepanda Usambara akiwa amesinzia ndani ya gari. Mombo iko chini, katika joto la nyika na mashamba ya mkonge. Lushoto iko juu yake kwa karibu mita 1,000, na kati yake kuna barabara ya kilomita 33 inayopenya kwenye korongo jembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, hadi Soni yalipo maporomoko ya maji, na kisha inaendelea kupanda hadi mjini. Wanafunzi hukaririshwa darasani kwamba joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Anayekokota baiskeli kutoka Mombo alfajiri hana haja ya kukariri. Jasho lililomtoka kwenye mkonge humgandia mgongoni kabla hajafika mwisho wa safari, naye huanza kutafuta sweta. Huona mibuyu na miiba ikiachwa nyuma, migomba ikianza, halafu mapeasi na kabichi. Washambaa wenyewe waliigawa dunia yao hivyo hivyo tangu kale: nyika ni huko chini, na Shambaai ni huku juu inakostawi migomba. Mgawanyo huo haukutoka katika kitabu cha jiografia. Ulitoka miguuni.

Historia nayo iko njiani. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Vugha mwaka 1848 kumwona Kimweri ye Nyumbai, hakugundua njia yoyote. Alifuata njia ambazo wenyeji walikuwa wamezikanyaga vizazi na vizazi, akiongozwa na watu waliojua kila kivuko. Wajerumani walipoitawala milima hii waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na reli yao kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Haikupita miaka miwili ikaja kadi ya kazi: mwaka 1907 kila mwanamume wa wilaya hiyo aliamriwa kuwafanyia walowezi kazi kwa siku 30 katika kila miezi minne. Basi mtu asimamapo kwenye ukingo wa Irente na kutazama mashamba yaliyotandazwa huko chini, anatazama kitu zaidi ya mandhari. Anatazama mahali ambapo babu za wanafunzi wake walipelekwa.

Tangu Januari 2024 shule zimeanza kufundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa shule iliyo chini ya mlima wa Usambara, au wa Uluguru, au wa Upare, anaweza kulifundisha kwa chaki mwaka mzima, naye hatalaumiwa na mkaguzi yeyote. Anaweza pia kuwachukua wanafunzi wa darasa la juu siku moja ya Jumamosi, wenye viatu na wasio na viatu, kila mmoja na kiazi chake na chupa ya maji, akawapandisha kwa njia ya zamani. Inatakiwa ridhaa ya wazazi, na ikiwa wanapita msituni Magamba, kibali cha wenye dhamana ya msitu. Hakuna zaidi. Gharama ya jambo hili ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya kumuaga ofisa.

Lipo pingamizi, nalo ni la haki. Wanawake wa milima hii hutembea kila siku ya gulio wakiwa na mizigo ya mboga kichwani, na vijana huteremsha viroba vya viazi kwenye keria za baiskeli ambazo breki zake zimelika hadi chuma. Kwao kupanda mlima si matembezi. Mtumishi wa serikali akija kutembea kwa burudani mbele yao, je, hiyo si dhihaka?

Ingekuwa dhihaka kama angetembea na kurudi ofisini kusahau. Lakini hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Njia za miguu za Usambara zinakufa. Mvua za masika zikizidi, kifusi huporomoka barabarani, nayo barabara kuu hufunguliwa haraka kwa sababu malori na magari ya wakubwa yanapita hapo. Kijia cha miguu kilichokatwa na kifusi hicho hicho hakifunguliwi na mtu. Wakati mwingine udongo unaoondolewa barabarani humwagwa juu yake. Mwenye shamba huongeza matuta mawili, kijia kinakwisha, na mama mwenye kabichi kichwani anashuka kwenye lami, ambako kwenye kona nyembamba hakuna nafasi hata ya kusimama kando lori linapopita. Ofisa anayepanga bajeti hajui habari hizi. Hakatai kuzijua, ila kioo cha gari hakimwonyeshi.

Wakoloni walipata somo la namna hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, na ukaenezwa kwingineko katika milima hiyo, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwa namna iliyoamriwa na wataalamu. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Katika hilo wataalamu hawakukosea. Walikosea kuhusu watu, vipande vyao vya ardhi na saa zao za kazi. Wakulima waliupinga mpango huo, na kabla ya uhuru ukawa umeachwa.

Kwa mwenye baiskeli neno moja linatosha: kupanda kunachosha, kuteremka kunaua. Mtu asiteremke Soni kwenda Mombo bila kukagua breki zote mbili, wala asiteremke kukiwa na ukungu au giza.

Halmashauri za wilaya zenye milima hukaa kujadili makadirio kila mwaka. Kabla ya kikao hicho, wakuu wa idara, madiwani na walimu wakuu wachague njia moja ya miguu katika eneo lao, waipande asubuhi ya siku ya gulio, upande mmoja na wachuuzi, bila dereva kuwasubiri katikati ya njia. Mwenye kalamu aandike kila mahali ambapo mtu mwenye mzigo analazimika kuingia barabarani. Orodha hiyo isomwe kikaoni kabla ya kifungu cha ununuzi wa magari.