Umeme unavuka mpaka, nyumba za Lubumbashi zinabaki giza

Kila delestaji inaporudi, wakaaji wa Lubumbashi wanauliza: kama umeme unanunuliwa mpaka Zambia, juu ya nini Katuba na Ruashi ziko giza?

Laini ya Zambia si kitu kipya. Mwaka 1956, bwawa la Le Marinel, ambalo leo ni Nseke, lilianza kutuma umeme kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, mbele ya Kariba kumalizika. Leo sehemu kubwa ya umeme inatembea upande mwingine. Hata laini ya Inga-Kolwezi ya 1982, karibu kilometa 1,700, haikutosha kushibisha migodi ya Katanga. Biashara hiyo inapita ndani ya SAPP, soko la umeme la Kusini mwa Afrika lililoundwa 1995, na SNEL ni mwanachama.

Halafu kuna sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Ilimaliza haki ya SNEL ya kuwa peke yake, na mteja mkubwa akapata ruhusa ya kuchagua mwenye kumuuzia. Kampuni ya migodi inaagiza umeme wa inje, inalipa dola. Mama wa Katuba hana mlango huo. Yeye ana SNEL tu, na transfo ya kartie; ile ikiungua, hata megawati zijae kwenye kituo cha Karavia, kwake hakufiki kitu.

Ulaya walifungua soko kuanzia 1996, lakini kule hata nyumba ya kawaida inaweza kubadilisha muuzaji. Sheria yao ya 2019 inadai angalau asilimia 70 ya uwezo wa laini za mpaka iachiwe biashara, na mahakama moja iko juu ya inchi zote. (Bei nazo zilivuka mipaka vilevile mwaka 2022.) SAPP haina mahakama kama ile. Ukame wa 2024 ulipokausha Kariba, Zambia yenyewe ikatafuta umeme wa kununua, na migodi ya Kongo ikabaki kushindana naye.

Sheria ya 2014 iliunda pia ARE, ofisi ya kusimamia sekta ya umeme. Swali la kuipelekea ni hili: umeme wa migodi ukipita kwenye laini za SNEL, pesa ya kupitisha ni ngapi, na ngapi inarudi kutengeneza transfo za kartie?