Ushujaa Bila Kanuni ni Maangamizi

Mwanadamu ameumbwa na hamu ya kutaka kujua ukomo wa nguvu zake. Hamu hiyo yadhihirika sana katika michezo miwili: mbio za magari na kuzamia baharini. Sisi wa visiwani tuna sababu ya kuitazama yote miwili, kwani huo wa pili, kwa ndugu zetu wengi, si mchezo bali ni riziki.

Wapo wadhaniao kuwa dereva wa mbio hukaa kitako tu na kushika usukani. Sivyo. Katika Formula 1, gari likatapo kona kwa kasi, shingo ya dereva huhimili uzito uliozidi wa kawaida hata mara tano, na penye joto hupoteza kilo mbili au tatu kwa jasho. Oktoba 2023, huko Qatar, dereva mmoja alitapika ndani ya kofia yake, na mwingine akashindwa kumaliza mbio.

Baharini nako, kila mita 10 za kina huongeza kani sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Herbert Nitsch wa Austria alishuka mita 214 kwa pumzi moja mwaka 2007. Mwaka 2012 alifika mita 253; akanusurika kifo, lakini ubongo wake ulidhurika vibaya. Audrey Mestre wa Ufaransa hakurudi hai mwaka 2002: mtungi uliokuwa umpandishe juu haukuwa na hewa ya kutosha.

Hatukatai kudura ya Mwenyezi Mungu. Lakini kudura haimwondolei mja wajibu wa kujihadhari. Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walipofariki huko Imola, mwaka 1994, katika siku mbili zilizofuatana, wenye mchezo hawakukunja mikono: magari na viwanja vilirekebishwa. Mwaka 2018 kikawekwa kizingiti cha chuma cha kukinga kichwa, na mwaka 2020, huko Bahrain, Romain Grosjean akatoka hai katika moto. Baada ya masaibu ya Qatar, mwaka 2025 zikaja kanuni za kumpoza dereva wakati wa joto kali.

Ikiwa tajiri anayeshindania kombe huwekewa kanuni, je, maskini anayezamia majongoo ili watoto wapate kula? Atumiaye mtungi wa hewa akakaa chini muda mrefu, kisha akapanda kwa haraka, hewa iliyoingia damuni hugeuka mapovu. Viungo humuuma, na pengine hupooza. Naye azamiaye kwa pumzi zake, akihema kwa pupa kabla ya kushuka, huweza kuzimia akikaribia kuuona mwanga. Hayo si mashetani wala husuda; ni maumbile, na yanazuilika.

Kwa hiyo twasema wazi. Mwenye chombo asimshushe mtu majini bila ya mafunzo, bila ya saa, wala bila ya mwenziwe wa kumwangalia. Maofisa wa uvuvi na wa afya nao wasingoje maiti ndipo waanze kuandika ripoti. Washuke madikoni wafundishe na kukagua. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Na anayekijua kina hicho akanyamaza, hana udhuru.