Sahani ya Mbwa Si Jalala

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu huyo alinijia mimi mwenyewe mwaka jana.

Kama ujuavyo, sisi wa shule ya kutwa tukifika nyumbani jioni kazi hutungoja. Yangu ilikuwa kumlisha mbwa wetu, Simba. Msimu ule mvua ilitukuta hatujamaliza kuanika mahindi, na gunia moja likashika ukungu. Mama alikataa katakata tusiyale. Lakini kuyatupa nako aliona uchungu. "Yapeleke yakasagwe umpikie Simba," akaniambia. "Si ni mbwa tu?" Nami nikapeleka, nikasonga, nikampa. Maskini Simba! Kila jioni alinipokea langoni akitikisa mkia.

Baada ya wiki chache akaacha kula. Akawa anatapika, akakonda, na weupe wa macho ukageuka manjano kama bizari. Daktari wa mifugo alipokuja aliuliza swali moja tu: "Huyu anakula nini?" Nikamwonyesha mahindi yale. Akasema hawezi kuapa bila vipimo vya maabara, ila kwa dalili alizoziona ini lilikuwa limeharibika, na aliyemshuku ni aflatoksini, yaani sumu inayotokana na kuvu ya nafaka. Tena sumu hii haiishi kwa kupikwa. Siku ya tatu Simba akafa. Nilimzika chini ya mwembe, na sikumwambia mtu kwamba nililia.

Kwa maoni yangu, kilichomuua Simba ni yale maneno "si ni mbwa tu". Wengi wetu tunaamini tumbo la mbwa ni jalala, kila kitu kinapita. La hasha! Viko vyakula tunavyokula sisi bila shida ambavyo kwake ni sumu.

Chukua kitunguu. Mchuzi gani wa kwetu unaanza bila kitunguu? Lakini kitunguu maji na kitunguu saumu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Akila kingi, au kidogo kidogo kila siku, huishiwa nguvu na ufizi wake hupauka. Mifupa ya kuku nayo, ikishapikwa, huvunjika vipande vyenye ncha kama sindano, vikaweza kutoboa utumbo. Donge la mandazi lenye hamira huendelea kuumuka ndani ya tumbo lake na kutoa pombe. Chokoleti ambayo wewe unaifurahia sikukuu huufanya moyo wake uende mbio, na zabibu humharibu figo. Hata makadamia, zao la wenzetu wa Embu, Meru na Murang'a, humlegeza miguu ya nyuma akashindwa kusimama, ingawa mara nyingi hupona.

Najua mtu ataniuliza, "Wewe, sisi tutatoa wapi pesa za chakula cha mbwa cha dukani?" Swali zuri. Hata kwetu hatuna. Lakini sijasema tununue. Ugali wa unga mzuri na matumbo ya kuchemshwa vinamtosha. Mtolee chake kabla kitunguu hakijaingia sufuriani. Hiyo ni shilingi ngapi? Mifupa ya kuku itupwe shimoni, tena ifukiwe asije akaifukua.

Na mahindi yaliyoota kuvu? Hayo msimpe mbwa, wala kuku, wala ng'ombe. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, nasi tukayanywa kwenye chai. Isitoshe, sumu hii si ya wanyama peke yao. Mwaka wa 2004, kabla sijazaliwa, ilizuka huku Ukambani, hasa Makueni na Kitui. Kufikia Julai mwaka huo watu 317 walikuwa wameripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki. Walikula mahindi kama yale niliyompikia Simba. Kumbe alichokufa nacho mbwa kilikuwa hatua chache tu kutoka mezani petu!

Sasa kwetu mahindi huanikwa juu ya turubai mpaka yakauke kabisa, na yenye kuvu hufukiwa. Mama mwenyewe ndiye anayesimamia. Tumepata mbwa mwingine, mdogo bado, na kila jioni nikimwekea sahani yake nakumbuka lile swali la daktari.

Wanachama wenzangu, mbwa hawezi kuuliza amepikiwa nini. Hula kwa sababu anakuamini. Kabla hujammwagia makombo jioni ya leo, muulizie wewe.