Volyumu za Diski Zinahitaji Mipaka
Bacula, programu huria ya nakala rudufu iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, imerithi mpangilio wa enzi za tepu: data huandikwa kwenye volyumu, na volyumu hupangwa katika makundi. Tepu ina mwisho wake. Volyumu ya diski ni faili tu, na isipowekewa kikomo hukua hadi diski ijae. Kwa hiyo msimamizi huiwekea mpaka wa ukubwa, kwa mfano GB 50, au wa idadi ya kazi za nakala rudufu, au wa muda wa matumizi, kama siku moja. Mpaka huo ni muhimu kwa sababu volyumu hutumiwa upya ikiwa nzima, si nusunusu, na muda wa kutunza data huhesabiwa tangu volyumu ilipoandikwa mara ya mwisho. Volyumu moja kubwa inayoandikwa kila usiku haifikii kamwe mwisho wa muda huo; zile ndogo nyingi huachia nafasi kwa zamu. Muda huo, ambao usipobadilishwa ni siku 365, ukiisha, kumbukumbu za data hiyo zinaweza kuondolewa kwenye katalogi, yaani hifadhidata ya Bacula, lakini data hubaki diskini hadi volyumu itakapotumiwa tena. Idadi ya volyumu nayo iwekewe kikomo: volyumu 30 za GB 50 hazizidi GB 1,500. Mipaka mipya haizigusi volyumu zilizokwisha kuundwa mpaka nazo zisasishwe, na kazi hiyo haifai kusubiri diski ijae.