Tufundishwe Hadi Ndani ya Kompyuta

Vijana wenzetu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma,

Kozi za kompyuta hapa kambini tunazishukuru. Wengi wetu tumejua kuandika barua, kupanga jedwali na kutuma baruapepe. Lakini kila awamu ni mambo yale yale. Tukiuliza kinachofuata tunajibiwa: hayo mengine ni ya chuo kikuu, yatawasaidia nini?

Sisi tunasema yatatusaidia. Kuna somo la vyuoni linaloeleza jinsi kompyuta ilivyopangwa ndani, pamoja na lugha ya asembli. Humo unaipa prosesa amri moja moja: chukua namba hii kwenye kumbukumbu, iweke kwenye rejista, jumlisha na ile, rudisha. Basi. Michezo, pesa za simu, picha, vyote mwishoni ni amri ndogo ndogo kama hizo.

Mfano: biti 8 zinabeba namba kuanzia -128 hadi 127. Weka 127, ongeza 1. Mashine inakupa -128! Haijaharibika. 01111111 imekuwa 10000000, na biti ya kwanza ikiwa 1, namba inasomwa kuwa hasi. Aliyechagua nafasi ndogo hivyo ni mtu.

Hapo ndipo somo linatugusa. Mara ngapi mama anapanga foleni tangu alfajiri, akifika dirishani anaambiwa "sistemu imekataa", anarudi mikono mitupu? Tunapokea jibu hilo kama mvua, eti hakuna wa kuulizwa. Lakini mtu aliyeandika asembli hata wiki chache anajua mashine haina moyo wa kukataa. Inafuata amri iliyoandikwa na mtu, juu ya habari zilizoingizwa na mtu. Huyo atauliza kwa heshima: imekataa wapi? Jina, tarehe ya kuzaliwa, ama alama za vidole? Nani anarekebisha, na lini?

Mtasema vifaa hakuna. RISC-V, seti ya amri iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iko wazi kwa yeyote bila kulipia leseni, na amri zake za msingi hazifiki 50. RARS, programu inayoiga prosesa ya aina hiyo, ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Siku sola imeisha, kalamu na daftari vinatosha kufuatilia rejista.

Tusidanganyane: asembli haitaleta kazi kesho wala kuongeza posho. Kozi za sasa ziendelee. Tunaomba saa mbili tu kwa wiki, mwalimu mmoja, na vitabu kwenye flashi. Kufungua chumba na kupanga viti tutafanya sisi wa kujitolea.

Na wewe kaka, wewe dada, usiseme "mimi niliishia sekondari". Kujumlisha na kutoa unajua. Asembli inaanzia hapo hapo.